Bustani ya watu wote chini ya paa moja

Katika parokia ya kwanza niliyotumwa baada ya upadirisho wangu, wafadhili walitupa nyumba ya plastiki ya kulimia tomati. Siku ya kuifungua tuliimba, tukaibariki, tukapiga picha. Mwaka wa kwanza tulipata makarai machache ya tomati. Mwaka wa pili maua yalianguka kabla ya kuzaa, majani yakaoza. Baada ya mvua za tatu hakukubaki kitu ila nguzo, na vipande vya plastiki vilivyopigwapigwa na upepo. Wengine walisema: ni udongo. Wengine: ni mbegu. Mama mmoja mzee, mlimaji hodari, aliniambia kwa sauti ndogo: «Padri, nyumba ile haikuwa yetu. Ufunguo ulikaa misioni.»

Neno lile lilinikaa moyoni. Tangu siku ile nimesoma na kuuliza juu ya nyumba za namna hii, nami nimeona kwamba tulikosa mara mbili: tulikosa katika kujenga, na tulikosa katika kushirikiana. Kwa kuwa wengi kati yenu, ndugu mapadri, waseminari na makatekista, mtaletewa siku moja mpango kama ule, yafaa tujibu maswali matatu. Nyumba ya mimea yafanya kazi namna gani? Yajengwa namna gani ili idumu? Na watu wengi wataishirikije pasipo ugomvi?

I. Nyumba ya mimea ni nini?

Ni nyumba yenye paa na kuta zinazopitisha mwanga, iliyojengwa ili mimea ikae katika hali ya hewa iliyo tofauti na ile ya nje. Wazo hili si jipya. Plinio Mzee, mwandishi Mroma, asimulia kwamba Kaisari Tiberio, yule aliyetawala wakati Bwana wetu aliposulibiwa, alipenda mno tunda la jamii ya matango, hakutaka likosekane mezani hata siku moja. Watunza bustani wake walilipanda katika vitanda vyenye magurudumu. Jua lilipowaka walivisukuma nje. Siku za baridi walivirudisha chini ya vifuniko vya jiwe jembamba linalopitisha mwanga. Twaona basi kwamba mwanzo wa nyumba hizi ulikuwa anasa ya mtu mmoja. Kuifanya kuwa mali ya wengi ni kazi ya nyakati zetu.

Joto latoka wapi? Mwaka 1767 Horace-Bénédict de Saussure, mtaalamu wa Geneva, alitengeneza sanduku la vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, akaliweka juani. Ndani joto lilikaribia lile la maji yachemkayo. Mwanga wa jua wapenya kioo, waangukia udongo na majani, nayo yapata moto. Udongo wenye moto wapasha hewa iliyo juu yake. Nje hewa hiyo ingepanda juu mara moja, na nyingine ya baridi ingeshika nafasi yake. Ndani haiwezi kutoka, kwa sababu paa laizuia. Zamani walimu walifundisha kwamba sababu kubwa ni kioo kuzuia miali ya joto isirudi nje. Mwaka 1909 Robert Wood wa Marekani alifanya majaribio ya visanduku viwili, kimoja chenye kioo na kimoja chenye bamba la chumvi ya mwambani, ambalo hupitisha miali ile. Joto la vyote viwili likawa karibu sawa. Basi kazi kubwa ya nyumba hii ni kufunga hewa. Kila mmoja wetu aliyeacha motokari juani, madirisha yamefungwa, ajua neno hili kwa mwili wake.

Kutoka hapo tupate mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza: usiku jua likizama, nyumba ya plastiki tupu yapoa upesi, kwa maana hewa haiwezi kuweka joto jingi. La pili: mchana, ikiwa hewa haina mlango wa kutokea, joto litaunguza mimea. Mtu asiyejua mambo haya mawili atajenga tanuru mchana na jokofu usiku.

II. Mfano kutoka nchi ya barafu

Nataka sasa kuwapeleka mbali, katika mji mdogo wa Inuvik, kaskazini kabisa mwa Kanada, karibu kilometa 200 kupita duara ile ya dunia ambako jua halitui siku ya kati ya mwaka. Watu wake ni kama 3.000: Wainuvialuit, Wagwich'in, na wageni wa makabila mengi. Huko udongo chini umeganda mwaka mzima, hata nyumba zasimamishwa juu ya nguzo ili joto lake lisiyeyushe ardhi zikazama. Wakati wa baridi jua halichomozi karibu mwezi mzima. Lakini wakati wa kiangazi halitui kwa siku kama 55. Chakula kingi chatoka mbali sana kwa barabara iliyofunguliwa mwaka 1979. Nayo yakatika mara mbili kila mwaka, wakati mito inapoanza kuganda na wakati barafu inapovunjika. Hapo vitu vyaletwa kwa ndege, na mboga zawa za bei kali, tena zimechoka kwa safari.

Mwaka 1998 wenyeji wa Inuvik walifanya shirika la bustani. Hawakujenga nyumba mpya. Palikuwa na jengo kubwa la zamani, uwanja wa kuteleza juu ya barafu, lililotazamiwa kubomolewa. Waliondoa bati la paa, wakaweka mabamba magumu ya plastiki yenye kupitisha mwanga. Chini walipanga makumi ya vitanda vya udongo vilivyoinuliwa. Kila mwanachama apata kitanda chake, alima saladi, spinachi, karoti, tomati, matango. Juu, orofa ya pili, wanakuza miche na maua ya kuuza, na fedha ile yasaidia gharama za nyumba nzima. Vitanda vingine vimewekwa kwa ajili ya wazee, wagonjwa na watu wenye shida. Kila mwanachama hulipa ada kidogo na hutoa saa kadha za kazi kwa faida ya wote.

Yafaa tuangalie neno moja la busara: hawalimi katika nyumba ile wakati wa baridi kali. Huanza mwezi wa Mei, humaliza mwisho wa Septemba. Kupasha nyumba kubwa namna ile moto katika giza la Desemba kungekula mafuta na fedha nyingi kupita thamani ya saladi zote. Walikubali majira ambayo Mungu amewapa, wakanyosha tu mwanzo wake na mwisho wake. Ndiyo maana ya kujenga kitu kinachodumu: kutopigana na nchi yako.

Lakini kuna jambo jingine, nalo latugusa sisi watu wa Kanisa. Uwanja ule ulikuwa wa Grollier Hall, bweni la Wakatoliki lililofunguliwa mwaka 1959 na kufungwa mwaka 1997. Humo waliletwa watoto wa wenyeji wa kaskazini, mbali na baba na mama zao, ili wasome. Wengi walipoteza lugha yao na desturi zao. Na mahakama za Kanada ziliwahukumu walezi kadhaa wa bweni lile kwa kuwanajisi watoto. Mwaka 2011 Tume ya Ukweli na Upatanisho ilifanya mkutano wake mkubwa palepale Inuvik, watu wakasimulia waliyoteswa. Mwezi wa Julai 2022 Papa Fransisko alikwenda Kanada kuomba msamaha kwa ajili ya mabaya waliyotenda Wakristu wengi katika shule zile.

Siwezi kusema kwamba karoti zimeponya jeraha lile. Neno kama hilo lingekuwa matusi kwa walioumizwa. Lakini jengo lililokuwa la watu wachache wenye kuamuru, leo ni la wenyeji wenyewe, wazee pamoja na watoto, na ufunguo wake uko mikononi mwao. Tusome hapo somo letu.

III. Kujenga ili idumu

Fundi mwenye akili atauliza kwanza: tatizo la mahali hapa ni nini? Inuvik ni ufupi wa majira. Kaskazini mwa China ni usiku wenye barafu. Basi wakulima wa huko wajenga ukuta mnene wa udongo upande wa kaskazini, na plastiki yenye mteremko upande wa kusini panapotoka jua. Mchana ukuta wanywa joto. Usiku walitoa polepole, na mkeka wa majani wafunikwa juu ya plastiki kama blanketi. Hivi walima mboga bila kuni wala makaa. Cheyenne, mji wa Marekani ambako mwaka 1977 watu wa kujitolea, wazee, vijana na wenye ulemavu, walijenga nyumba ya jua iliyo mali ya wote, waliweka mapipa ya maji. Maji ni ghala zuri la joto. Pipa moja la lita 200, likipoa nyuzi 10 kwa usiku mmoja, latoa joto sawa na la nusu kilo hivi ya kuni kavu. Na kesho yake jua lalijaza tena bure.

Kwetu je? Katika sehemu nyingi za Kongo baridi si adui mkubwa, ingawa wenyeji wa Katanga na wa milima ya Kivu wajua usiku wa mwezi wa sita na wa saba. Adui zetu ni mvua nyingi inayopiga majani, jua kali, na wadudu. Tomati yenye majani maji siku nyingi yashikwa na ugonjwa ule wa madoa meusi unaoua shamba zima kwa juma moja au mawili. Kwa hiyo nyumba yetu iwe hasa mwavuli: paa la kuzuia mvua, na kuta zilizo wazi zenye wavu. Haya ndiyo mambo sita ya kuangalia.

1. Hewa. Hili lapita yote. Joto la mchana likipita nyuzi 35, unga wa maua ya tomati waharibika, maua yaanguka. Ndivyo tulivyopata katika parokia yangu: nyumba ilikuwa fupi, imefungwa pande zote kama gunia. Sharti paa liinuke meta 3 au 4, na juu kabisa, penye mgongo wa nyumba, uachwe mwanya mrefu wa kutokea hewa ya moto. Pande za chini ziwe wazi, na wavu wa kuzuia wadudu.

2. Upande wa kuelekea. Ulaya vitabu vyasema: elekeza kusini. Kwetu usifuate neno lile. Karibu na ikweta jua lapita juu ya kichwa, mara upande huu, mara upande ule. Tazama zaidi upepo: uingie ubavuni na kupitisha hewa, usipige paa kwa nguvu yake yote. Uliza wazee wa kijiji. Wao wajua upepo wa kila mwezi.

3. Maji. Paa linalozuia mvua lakosesha udongo maji yake. Basi fanya mifereji, ukusanye yale yanayoanguka. Hesabu ni rahisi: milimeta 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1. Paa la meta 6 kwa 15 lina meta za mraba 90. Mvua ya milimeta 20 yaleta lita 1.800, ni mapipa 9. Lakini usifurahi upesi. Vitanda vya meta za mraba 60, wakati wa ukavu, vyataka kama lita 300 kila siku. Maji yale yatakwisha kwa siku 6. Kule Katanga, penye miezi mitano bila mvua, tanki la paa halitoshi peke yake. Lazima kisima au mto wa karibu. Anayejenga mbali na maji anajenga kaburi la mbegu.

4. Udongo. Tomati, pilipili, bilinganya na viazi vya kizungu ni ndugu wa ukoo mmoja, tena washikwa na magonjwa yaleyale ya udongo. Ukipanda ndugu hawa mwaka baada ya mwaka katika kitanda kimoja, ugonjwa utakaa humo kama mwenye nyumba. Badilisha: baada ya tomati weka lengalenga, au maharagwe, au vitunguu. Rudisha mbolea ya majani na ya mifugo, kwa maana chini ya paa udongo wafanya kazi bila kupumzika.

5. Miti na plastiki. Nguzo zaweza kuwa za mianzi au miti ya nchi, zilizochomwa au kupakwa mafuta machafu ya motokari sehemu inayoingia ardhini, ili mchwa wasile upesi. Lakini mafuta yale yasikaribie vitanda. Plastiki ni neno gumu. Ile ya kawaida yapasuka baada ya majira moja juani. Ile iliyotengenezwa kustahimili jua yadumu miaka 3 au 4. Kisha itakuwa takataka. Asiyejua mapema atakapopata fedha ya plastiki ya pili, wala mahali pa kuweka ile ya kwanza, asinunue bado. Mara nyingi paa la majani juu ya kitalu cha miche, pamoja na bustani wazi, ni bora kuliko nyumba nzuri ya miaka mitatu.

6. Nafasi ya watu. Ikiwa nyumba ni ya wote, ipimwe kwa miili ya wote. Njia ya kati iwe na upana wa meta 1 na nusu, ili watu wawili wapishane na mgonjwa mwenye kiti cha magurudumu apite. Vitanda vichache viinuliwe kwa matofali mpaka kiunoni, kwa ajili ya mzee asiyeweza kuinama. Tena pawe na kivuli na mabenchi mlangoni. Msicheke: pale kwenye benchi ndipo mama kijana ajifunza kwa mama mzee namna ya kuweka mbegu, na ndipo ugomvi humalizwa kabla haujafika kwa Padri.

IV. Kushirikiana pasipo ugomvi

Wako wenye kusema: «Kitu cha wote ni kitu cha mtu yeyote, hakitatunzwa.» Elinor Ostrom, mwanamke wa Marekani aliyepewa mwaka 2009 Tuzo ya Nobel ya uchumi, wa kwanza kati ya wanawake, alichungua maneno haya maisha yake yote. Alitazama malisho ya milima ya Uswisi, misitu ya vijiji vya Ujapani, mifereji ya Hispania na ya Ufilipino. Aliona kwamba mali ya wote yaweza kudumu miaka mamia, lakini si bila sheria. Nayo sheria yatoka kwa wenyewe wanaoitumia.

Mfano mzuri uko Valencia, katika Hispania. Kila siku ya alhamisi, saa sita ya mchana, mbele ya mlango wa Mitume wa kanisa kuu, waamuzi waliochaguliwa na wakulima waketi kuamua mashauri ya maji ya mifereji. Hawaandikiani barua ndefu. Wasikiliza kwa mdomo, waamua mara moja, mbele ya watu. Baraza lile ni la karne nyingi. Angalieni: ni mbele ya mlango wa kanisa, lakini mwamuzi si askofu wala padri. Ni wakulima.

Kwa nyumba ya mimea ya parokia au ya kijiji, naona haya yatosha. Ijulikane wazi ni nani mwanachama na nani siye. Kila mmoja awe na kitanda chake, kwa maana mtu hupalilia vizuri anachokivuna; lakini paa, maji, mbolea na njia viwe kazi ya wote, kwa zamu iliyoandikwa ukutani. Kitanda kilichoachwa majuma matatu bila sababu kipewe mwingine. Kosa la kwanza ni onyo, la pili faini ndogo, la tatu ndilo la kutoka. Msianze na la tatu. Sehemu ya mavuno iuzwe, na fedha yake iwekwe sandukuni kwa ajili ya plastiki ya kesho. Hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi. Vitanda viwili au vitatu viwe vya wajane, wagonjwa na watoto wa shule. Na funguo ziwe mbili au tatu, katika mikono ya waliochaguliwa, wamama wakiwemo. Kwa maana kwetu wengi wanaolima ni wao.

V. Neno kwa mapadri na makatekista

Ndugu zangu, twapenda kufanya mambo mema upesi. Mfadhili yuko tayari, fotografu yuko tayari, na sisi twachukua ufunguo. Hatufanyi hivyo kwa ubaya, twadhani twatunza. Hata walezi wengi wa mabweni yale ya Kanada walidhani wanatunza. Aliye na ufunguo peke yake hasikii mtu akibisha.

Basi, kabla ya kununua hata meta moja ya plastiki, waiteni watu, hasa wamama wenye kulima. Waulizeni shida yao ni mvua, au ni maji, au ni wezi, au ni soko. Pengine watajibu kwamba hawahitaji nyumba ya mimea, ila kisima na wavu. Mkubali. Wakisema wanaitaka, waulizeni ni nani atafungua mlango asubuhi na ni nani atamwagia maji siku ya maziko. Wakikosa jibu, ngojeni kwanza.

Mwaka uliopita nilipita tena katika parokia ile ya kwanza. Nguzo za nyumba yetu zimekwisha kuwa kuni. Lakini karibu na mto niliona mwavuli wa mianzi na majani, mrefu, wazi pande zote, na chini yake miche ya vitunguu na lengalenga ya jamaa kumi na mbili. Mama yule mzee aliketi kwenye gogo mlangoni. Nilimwuliza ufunguo uko wapi. Akacheka, akasema: «Padri, hakuna mlango.»